Mama Marehemu wa Bwana Prescott

Beaver Gap, Pennsylvania
Jumatatu, 22 Januari 1951

Kaka Metod,

Sisi tupo, theluji ipo, na makaa ya kupasha nyumba moto bado yapo. Habari nyingine ndiyo hii, na nakuandikia kabla sijavua aproni kwa sababu Mama amesimama nyuma ya kiti changu, anataka kuiona kalamu ikienda.

Televisheni imefika Beaver Gap. Bonde letu lilikuwa halishiki kitu, kwa hiyo wale vijana wa duka la umeme wamesimamisha mlingoti juu mlimani, wakashusha waya mpaka mjini, nyumba kwa nyumba, kama kamba ya kuanikia nguo. Umeingia kwa Bi Kopchik. Jana jioni wanawake wa mtaa mzima walijaa sebuleni kwake, kila mmoja na kiti chake kutoka nyumbani, kumtazama ndugu yetu Cyril.

Mama alivaa gauni la kanisani. Nikamwambia, "Mama, yeye hakuoni." Akanijibu, "Mungu naye simwoni, na bado navaa."

Basi akatokea. Ni yeye kabisa, ila nywele zimeanza kukimbia kwenye paji la uso. Alikuwa kwenye jiko moja zuri, anachanganya unga wa keki na kutania. Watu wakacheka. Halafu akaangalia picha iliyo ukutani, ya mwanamke mwembamba mwenye kofia ya manyoya, sauti ikashuka, akasema: "Marehemu mama yangu, mwalimu wa shule huko Vermont, aliniachia vitu viwili kabla hajafa. Biblia yake, na namna ya kuoka keki hii." Akafuta jicho.

Sebule nzima ikageuka kumtazama Mama.

Bi Kopchik, unaujua mdomo wake, akasema, "Zuzana, pamoja na umaiti wako, unazila vizuri haluski zangu za tambi na kabichi." Kicheko kikapasuka, na Mama naye akacheka, akaomba aongezewe kabichi. Nikadhani yameisha. Lakini tulipofika nyumbani alikaa bila kuvua koti, akaniuliza, "Nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamwambia sijui. "Muulize Metod. Yeye yuko huko, atajua."

Na haya ndiyo anayotaka niandike, nisiongeze wala nisipunguze. Hataki kutajwa kwenye televisheni. Hata kusema kwamba yuko hai hataki. Anataka Cyril aingie kwa mlango huu wa jikoni mara moja tu, mchana, watu wakiona, akae, ale, kabla moyo wake yeye Mama haujasimama. Daktari anasema moyo umechoka. Miguu imevimba, siku hizi anavaa viatu vya marehemu Baba. Pasaka ingefaa.

Mwambie, Kaka. Wewe unamwona kila wiki.

Mdogo wako,
Justina


Los Angeles
4 Februari 1951

Mdogo wangu Justina,

Barua yako imenikuta nimelala chali sakafuni, maana kitanda na mgongo wangu havisikilizani tena. Nilipotoka mgodini nilidhani nimeachana na kubeba. Huku kwenye studio ya televisheni nabeba taa, nabeba ngazi, nabeba kuta za nyumba zisizo na watu. Ni mbao na kitambaa, lakini ukibeba ukuta siku nzima, ni ukuta tu.

Mwambie Mama alikufa kwa homa ya mapafu, kwenye theluji, akiwapelekea vitabu watoto maskini. Cyril mwenyewe alinieleza. Kampuni ya filamu ilipotaka kumwajiri, ilimpeleka kwanza kwa bwana mmoja wa ofisi ya matangazo. Yule bwana akamwangalia usoni, akasema huu si uso wa mtu anayeitwa Hudak. Akaingiza karatasi kwenye taipureta akaandika: Lyle Prescott, wa Vermont, baba mchungaji, mama mwalimu. Cyril akasema, mama yangu anafulia watu nguo, na hajui kusoma. Yule bwana akasema, "Basi huyo tumpumzishe, kijana. Ni heshima kwake." Wakamuua kabla ya chakula cha mchana, kisha wakaenda kula. Cyril alikuwa na miaka ishirini na mbili na njaa. Akatia sahihi.

Ile kampuni yenyewe ilifilisika baada ya vita, filamu zake zikauzwa kwa jumla kama chuma chakavu. Yule mama wa Vermont yeye akabaki. Cyril alipokosa kazi televisheni ikamchukua, na kampuni ya unga inayodhamini kipindi ikampenda yule mama. Wanawake wanamwandikia Cyril barua, zinakuja kwa magunia.

Na nikwambie jingine, maana wewe hupendi kufichwa. Ile picha yenye kofia ninaitundika mimi. Kila Jumapili mchana napanda ngazi, napiga msumari. Yule mwanamke ni mwigizaji, yuko hai, nilimwona juzi kwenye foleni ya soseji. Mimi pale ni Metod tu, na ndugu yetu ni Bwana Prescott. Ndilo sharti alilonipa aliponitafutia kazi hii, nami nilikubali kwa sababu mgodi ulikuwa umefungwa.

Nilimpata Cyril peke yake nyuma ya ukuta wa jiko, nikampa ujumbe.

"Pasaka?" akasema.

"Pasaka. Mchana, watu wakiona."

"Metod, unajua siyo mimi ninayeuza ule unga. Anayeuza ni yule mama. Mimi namshikia bakuli tu."

"Mama yako wa kweli amevimba miguu."

Akakung'uta unga mikononi. Halafu akasema, "Mwambie nakuja." Mara mtu akaita "Bwana Prescott!" na uso wake ukabadilika mbele yangu kama chumba kilichowashwa taa.

Kitu kimoja Mama asichanganyikiwe. Huku kipindi kinakwenda moja kwa moja, lakini hakuna njia ya kukifikisha kwenu papo hapo. Wanakipiga filamu kutoka kwenye kioo cha televisheni, filamu inasafirishwa, nanyi mnaona baada ya wiki mbili. Kwa hiyo akimwona ana mafua, ajue yalishapona.

Kaka yako,
Metod


Los Angeles
18 Februari 1951

Mama yangu,

Naandika kwa lugha ya nyumbani na mkono unatafuta maneno. Justina akisoma akakwama, kosa ni langu.

Metod amenipa ujumbe wako. Usimkasirikie yule mwanamke wa ukutani. Hana chochote kilicho chako. Hakuwahi kunitia viazi vya moto mfukoni nikienda shule kwenye baridi, kimoja kila upande, vya kupasha mikono kwanza na kula baadaye.

Nitakuja Pasaka. Usichinje chochote wala usipake rangi nyumba. Nataka kukaa kwenye kile kiti karibu na jiko, unipe vitu nimenye. Huku hawaniachii kisu, wanaogopa nitajikata watu wakitazama.

Nimenenepa kidogo na afya yangu ni nzuri.

Kipindi usikitazame. Au kitazame, ila nikianza kumlilia yule, ziba masikio. Huwa ni dakika moja tu.

Mwanao,
Cyril


Beaver Gap
28 Machi 1951

Kaka Metod,

Hakuja.

Mama alipaka jiko chokaa, ingawa aliambiwa asipake. Alikuwa anakaa kwenye kiti na kupaka pale mkono unapofika, kisha mimi nakisogeza kiti. Akaoka paska, mkate wetu wa Pasaka, akachemsha mayai, akapanga kikapu, Padri Hornyak akakibariki Jumamosi. Mama akasema kikapu kisifunguliwe mpaka mwenyewe afike.

Jumapili tulikaa. Bi Kopchik alikuja kuazima chumvi, akaja kuirudisha, akaja kuuliza kama tuna chumvi. Saa kumi Mama akasema, "Treni za California ni ndefu." Jumatatu akasema hivyohivyo. Jumanne akafungua kikapu mwenyewe, akanikatia mkate, akaniambia, "Kula. Umeshabarikiwa, tusimkosee Mungu kwa sababu ya reli."

Jumapili ileile jioni alikwenda kumtazama. Nilimshika mkono mpaka kwa Bi Kopchik, tukapumzika njiani kwenye ngazi za watu. Akatazama mpaka mwisho, na yule marehemu akaliliwa kama kawaida. Kurudi akashika shavu lake akasema, "Amekonda hapa. Wanamchosha." Basi.

Kaka, nataka nijue kitu kimoja. Alipoandika kwamba atakuja, alikuwa anadanganya? Kama alidanganya nitamchukia na nitapumzika. Hivi nilivyo sasa siwezi hata kumchukia, maana nikianza Mama anamtetea huyo mtu wake.

Uvimbe umefika juu ya vifundo.

Justina


Los Angeles
8 Aprili 1951

Justina,

Hakudanganya. Tiketi ya treni niliiona kwa macho yangu, ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Wiki ya mwisho kampuni ya unga ikaamua kufanya kipindi cha Pasaka cha saa nzima, na kwaya. Wakamwambia akikosa, yuko kijana mwingine amesimama tayari, na bakuli haliangalii linashikwa na nani. Wakamwambia pia kwamba akisafiri, waandishi wa magazeti watamfuata kama wanavyomfuata siku zote, na wakikuta mama anayepumua kule Pennsylvania, wenye magunia ya barua watadai machozi yao.

Nilimfokea. Nikamwambia, basi hata simu! Bi Kopchik ana simu, mpigie Mama umwambie neno.

Akasema, "Nimwambie nini, Metod? Kila neno zuri nililonalo nimeshamwambia yule mwingine."

Akakaa kwenye sanduku la taa, nikaona rangi yake imekuwa ya majivu, mkono ameuingiza ndani ya koti upande wa kushoto. Nikamuuliza ni nini hicho. Akasema daktari anasema moyo, na kwamba nikimwambia Mama hatanisamehe. Basi nakwambia wewe. Mama na mwanawe wana moyo mmoja wenye ubovu mmoja, mwana anamficha mama yake, na sisi wawili tumekaa katikati kama masanduku ya posta.

La moyo usimwambie. Hili mwambie: mkataba unaisha mwisho wa Juni, na ameapa hatatia sahihi tena. Julai atakuja na hatarudi huku. Nami nitakuja naye. Nimechoka na kuta za kitambaa.

Metod


TELEGRAMU
Los Angeles, 27 Aprili 1951

JUSTINA HUDAK, BEAVER GAP, PENNSYLVANIA

CYRIL AMEFARIKI LEO MAZOEZINI. MOYO. MWAMBIE MAMA POLEPOLE. BARUA INAFUATA.
METOD


Los Angeles
30 Aprili 1951

Mdogo wangu,

Wamemzika leo asubuhi. Naandika nikiwa na suti.

Alikufa Ijumaa mchana, kwenye jiko letu la mbao. Nilikuwa juu ya ngazi nageuza taa. Alikuwa anafanya mazoezi ya mchezo wa kurusha mayai na kuyadaka. Yai moja likamponyoka, akautazama mkono wake, akakaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyekaribishwa akae. Watu wakacheka. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mimi pia nilicheka, Justina, nilikuwa juu na ilionekana vizuri.

Nilipoteremka walikuwa wamemzunguka. Mwongozaji akanishika bega akasema, "Metod, rudi juu, mpishe daktari." Nikasema, "Ni ndugu yangu." Nilisema kwa sauti, wote walisikia. Fundi mmoja akanishika mkono, machozi yanamtoka, akanijibu, "Sote tulimpenda kama ndugu, mzee." Nikarudi juu. Palikuwa hakuna pengine pa kwenda.

Mazishini walitaka ile picha ya mwanamke mwenye kofia isimamishwe karibu na jeneza. Ikabidi aletwe mtu wa kuibeba, na anayejua ilipo ni mimi. Basi niliibeba. Mchungaji wao akasema sasa mwana na mama wameonana. Sisi wafanyakazi tulikuwa nyuma ya kamba. Nikasali Baba Yetu kwa lugha yetu, chini chini, ili walau kitu kimoja pale kiwe cha kwake. Jiwe litaandikwa Prescott.

Sijui Mama amepokeaje. Kila nikijaribu kufikiri, naona mikono yake tu, uso hauji. Niandikie upesi.

Metod


Beaver Gap
30 Aprili 1951

Kaka,

Barua yako bado haijafika lakini siwezi kungoja. Mama haamini.

Telegramu ililetwa Ijumaa jioni. Nililia kwanza mimi, uani, kisha nikaingia nikamsomea. Hakulia. Akaniuliza, "Nani kaleta habari?"

"Metod, Mama."

"Na Metod kaambiwa na nani? Si haohao?"

"Mama, Metod alikuwepo."

"Metod hutundika picha yangu nikiwa na kofia. Metod huona kile wanachomwonyesha." Kisha akanivuta nikae. "Justina, hawa watu waliniua mimi kwa homa ya mapafu. Umewahi kuniona na homa ya mapafu? Ndiyo kazi yao hiyo. Leo imefika zamu yake. Lete viazi."

Jumamosi gazeti la Philadelphia lilikuwa na picha yake ukurasa wa mbele. Nikampelekea. Akasema, "Soma pale walipoandika habari za mama yake." Nikasoma: alifiwa na mama akiwa na miaka tisa. "Unaona," akasema, "ndiyo magazeti yenyewe hayo."

Jana jioni akavaa gauni la kanisani. Bi Kopchik alisimama mlangoni akasema waya umekatika mlimani. Mama akamwambia, "Ilona, washa." Na Kaka, alikuwepo. Ile ya wiki mbili nyuma. Mzima, mnene, anacheka, anamwiga kuku. Wanawake wakapiga ishara ya msalaba. Mmoja akaanza kwikwi. Mama akamgeukia, "Unamlilia nani? Huyo hapo." Bi Kopchik akaenda kuleta maji, na hakuna aliyeyaomba.

Njiani nikamkumbusha Mama kwamba tunaona yaliyopita. Akasema, "Wiki mbili, wiki mbili. Na hizo wiki mbili kazileta nani?"

Leo Padri Hornyak kaja kupanga misa ya wafu.

"Padri, mimi uliwahi kunisomea misa ya wafu?"

"Zuzana, wewe u hai."

"Lakini huko walisema nimekufa."

"Walisema uongo."

"Ahaa," akasema Mama, akamkaribisha kahawa.

Padri alitoka ameshika kofia yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Misa haijasomwa. Mama anasema kumwombea mtu hai misa ya wafu ni dhambi, na kwamba mimi nisije nikathubutu.

Njoo, Kaka. Wewe akikutazama machoni ataamini. Na uje na kitu mkononi, chochote, cha kumwonyesha.

Justina


Los Angeles
10 Mei 1951

Justina,

Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati. Baada ya mazishi tulilivunja lile jiko ili lipakwe rangi nyingine, na wakati nashusha ukuta mgongo ukakatika. Wamenifunga plasta kuanzia kwapani mpaka nyongani. Sikai, sijikunji, na kwenye treni hawanipokei. Daktari anasema mpaka katikati ya Juni.

Unasema nije na kitu. Nimekitafuta. Cheti cha kifo kinasema Lyle Prescott, alizaliwa Vermont, jina la mama sijui nani Prescott, marehemu. Nikimletea Mama karatasi hiyo atanicheka, na atakuwa na haki. Picha za mazishi zina yule mwenye kofia. Nikaenda kwa wakili anayeshika vitu vyake, nikamwambia nataka saa yake tu, au hata shati, mimi ni ndugu yake wa damu. Akaniuliza jina kwa upole. Nikasema Hudak. Akasema, "Mzee, tangu Ijumaa ile Bwana Prescott amepata ndugu wengi sana," akanifungulia mlango. Barua ya Cyril kwa mkono wake mnayo nyinyi. Mimi hapa sina hata kipande cha karatasi chenye jina la ndugu yangu. Kila kitu kilichobaki ni cha mtu mwingine.

Yule kijana mwingine ameshaingia jikoni. Picha wamemwachia. Juzi nimesikia kwamba mama yake pia alikuwa mwalimu.

Ninachotegemea ni hiki. Jumapili ya tarehe sita mliona kipindi chake cha mwisho. Baada ya hapo hakuna tena. Mama akikaa akamwona huyu mgeni kwenye lile jiko, wiki ya kwanza, wiki ya pili, moyo wake utamwambia wenyewe. Naandika hivi na najichukia, maana namwombea mama yangu aumie. Lakini angalau aumie nami nimfikie tukae naye.

Mvumilie.

Metod


Beaver Gap
28 Mei 1951

Kaka Metod,

Ilianza kuwa ulivyosema. Jumapili ya kwanza ya huyu kijana, Mama alitazama mikono ameifumbata, akauliza, "Nani huyu kwenye jiko la Cyril?" Jumapili ya pili hakutaka kwenda. Alikaa karibu na dirisha bila kufanya chochote, na unajua hajawahi kukaa bila kufanya chochote. Nikasema moyoni, sasa. Nikaweka kitambaa cheusi karibu, nikamwomba Bi Kopchik awe tayari.

Juzi Jumamosi mchana Bi Kopchik alikuja mbio, aproni mkononi, hakufikiri, akapaza sauti kutoka uani: "Zuzana! Yuko kwenye televisheni!"

Wamezinunua zile filamu za zamani, Kaka, zile za chuma chakavu, na sasa stesheni ya televisheni inazionyesha mchana. Tulimbeba Mama kwenye kiti, mimi na Bi Kopchik. Tukamkuta yuko juu ya farasi. Miaka ishirini na tano, kiuno chembamba, nywele zote kichwani. Mama akanishika mkono mpaka ukaniuma.

"Si niliwaambia? Wamempumzisha. Ona alivyonawiri. Ona, hata nywele zimerudi."

Nikasema, "Mama, hiyo ni ya zamani, kabla ya vita."

Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma, Kaka, kama mimi ndiye mgonjwa wa nyumba hii. Bi Kopchik akaenda jikoni kwake akafunga mlango, tukamsikia akilia humo.

Tangu hapo hashuki kitandani. Uvimbe uko magotini. Daktari bado anakuja, lakini haleti tena dawa, analeta habari za mjini.

Jana aliniita niandike barua. Aliniapisha nisibadilishe neno, na kwamba niitume kwako, wewe ndiye unayejua njia ya kumfikishia. Nimeapa, nimeandika, hii hapa. Sijui utaifanya nini. Sikuweza kuichoma.

Justina


Beaver Gap
27 Mei 1951

Mwanangu Cyril,

Mkono ni wa Justina, maneno ni yangu. Amenuna, lakini ataandika.

Nimekuona kwenye farasi. Umependeza. Ila unashuka kabla hajasimama, acha tabia hiyo.

Hapa wanasema umekufa. Padri anasema, magazeti yanasema, Metod naye wamemwambia akasadiki, unamjua alivyo, mwema na mwepesi. Mimi nimelitafakari jambo hili nikiwa nimelala, maana sasa sina kazi nyingine, na nimeona ni jambo zuri. Nakwambia kama mtu aliyepitia. Mimi waliniua zamani, na tangu siku ile hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunisumbua. Hawakunitaka sahihi. Hawakunifuata na kamera. Nimefua, nimepika, nimemzika baba yako, nimekwenda kanisani, na wao wako huko wananililia wala hawanigusi. Marehemu hana tajiri juu yake.

Basi na wewe sasa wamekuachia. Ile Julai uliyomwambia Metod hakuna haja ya kuingoja, mkataba haumfuati mtu kaburini. Lile jiko mwachie huyo kijana. Na yule mwanamke mwachie, amtunze, si mtu mbaya. Wewe toka tu, panda treni. Stesheni hakuna atakayekukodolea macho. Watu hawamtazami mtu waliyekwisha kumzika.

Nilisema uje mchana, watu wakiona. Nilikuwa naringa. Njoo saa yoyote itakayokufaa. Bi Kopchik akiuliza nitamwambia ni marehemu amekuja kumwona mama yake marehemu, yeye aende akapike.

Mlango wa jikoni umevimba kwa mvua za mwezi huu, unakwama upande wa chini. Usigonge, siwezi tena kuinuka kuja kufungua. Sukuma kwa bega.

Mama